Land Rover 109 ya mzee: usipige kromu, irudishie zinki yake

Swali limetoka kwa ndugu yetu wa Tanga. Ana Land Rover 109 pikapu ya mwaka 1966, ilikuwa ya baba yake, imefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge na sasa anaifufua. Anasema bampa ya mbele, shoo ya waya na vile vipande vya chuma vinavyofunika kingo za bodi ya nyuma vimeshika kutu, juu yake kuna rangi ya silva imepakwa mara sijui ngapi, na kona ya nyuma kulia imetoboka kabisa. Fundi wake kamshauri avue vyote vikapigwe kromu, na kwa kuwa kuna harusi ya familia mwezi wa kumi na mbili mzee naye anataka gari ing'ae. Anauliza kama kromu itadumu pwani, na kama sio kromu afanyeje ili ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Mkuu, hongera sana kwa kuitunza hiyo mashine, wengi wameshaziuza kwa kilo. Jibu fupi ni usipige kromu. Jibu refu ndo hili hapa na nakuomba ulisome lote kabla fundi hajawasha grenda, kwa sababu kazi hii huwa inaharibika siku ya kwanza kabisa, pale mtu anapoanza kusugua kitu ambacho hajui ni madini gani.

Tuanze na hivyo vipande vyenyewe. Land Rover ilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ndo imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao na aluminiamu ilikuwa rahisi zaidi kupatikana, kwa hiyo Rover wakatengeneza bodi kwa Birmabright, yaani aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu kidogo. Sasa aluminiamu haioti kutu nyekundu lakini ni laini, ukingo wake ukiuburuzia mzigo kila siku unapinda na kuchanika, ndo maana kila penye ukingo, kila penye kona, kila mahali panapogongwa wakavisha chuma, na hicho chuma wakakizamisha kwenye zinki iliyoyeyuka. Za toleo la Series IIA kama yako, zilizotengenezwa 1961 hadi 1971, zimefuata utaratibu huo huo. Kwa hiyo bampa yako, shoo yako na hivyo vifuniko vya kingo havijawahi kuwa na kromu hata siku moja. Ule weupe wa kijivu unaouona ukibandua silva ndo sura yake ya asili, na ukiuangalia vizuri kwenye mwanga wa ubavuni mara nyingine utaona zile chembe kama maua ya barafu, hiyo ni zinki ilivyoganda. Ukitaka kuona mfano, tafuta picha za ile Land Rover Festival ya Arusha ya Oktoba 2024, zikuze uangalie kona za bodi za zile za zamani ambazo hazijaguswa, utaelewa ninachosema.

Na hapa ndo penye kiini cha jibu langu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Hiyo zinki haikuwekwa kwa urembo. Imewekwa pale ni mlinzi, tena anawalinda wawili kwa mpigo. Chuma kitupu kikigusana na aluminiamu halafu maji ya chumvi yakapita katikati, kinatokea kitu kama betri ndogo, na kwenye hiyo betri anayeliwa ni aluminiamu. Zinki iko karibu sana na aluminiamu kwa tabia hiyo, na ni nyepesi kidogo kuliwa kuliko zote mbili, kwa hiyo ikikaa katikati yenyewe ndo inajitoa, aluminiamu inapona na chuma kinapona. Zinki ikishaisha ndo mambo yanageuka. Ukifungua kifuniko cha ukingo ambacho kimekaa bila zinki pwani kwa miaka utakuta chini yake unga mweupe mkavu kama chokaa, ukiupuliza unakuta bati la Birmabright limekuwa jembamba kama karatasi, sehemu zingine limeshakuwa tundu. Hiyo kutu nyekundu unayoiona nje inakusumbua macho tu, ugonjwa wenyewe uko huo unga mweupe wa ndani.

Sasa chukua kromu. Watu wanasema kromu lakini ukweli ule mng'aro umekaa juu ya nikeli, mara nyingi na shaba chini yake, na tabaka la kromu lenyewe ni jembamba mno, kwa kawaida sehemu ya maikroni moja tu (maikroni 1000 ndo zinafanya milimita 1). Nikeli na shaba ziko upande wa pili kabisa wa hiyo betri, maana yake ukizibana kwenye aluminiamu kwa ribiti, hewa ya chumvi ya Tanga ikaingia, umeiharakishia bodi yako kifo. Na chuma chenyewe hakina ulinzi pia, kwa sababu nikeli haijitoi kwa ajili ya chuma kama zinki inavyofanya, pakipatikana kitobo kidogo tu kama ncha ya sindano basi kutu yote inakusanyika hapo inachimba kwenda chini, ndo unaona bampa za kromu zinavimba vipele halafu zinabanduka. Kwa hiyo swali lako la kama itadumu, jibu ni kwamba itapendeza siku za mwanzo, halafu itakula gari. Na kuna jambo lingine ambalo halisemwi vya kutosha, ile dawa ya kromu ya rangi ya chungwa wanayotumia kwenye karakana nyingi ina aina ya kromu inayosababisha saratani, kijana anayesimama juu ya pipa lake bila kinga anavuta mvuke wake na mabaki yanamwagwa mtaroni. Kama gari ilizaliwa na kromu sawa, tafuta kiwanda kinachofanya kwa utaratibu. Hii yako haikuzaliwa nayo, kwa nini tumuumize mtu.

Haya, kazi yenyewe.

Kabla hujavua chochote chukua sumaku ndogo, hata ya spika ya redio, uzunguke nayo gari nzima. Inaposhika ni chuma, pasiposhika ni Birmabright (au kuna mtu alishabandika stenlesi huko nyuma, hutokea). Weka alama kwa chaki. Utashangaa, kwenye gari zilizofanya kazi shambani kuna viraka vya kila aina, nimeona kifuniko cha ukingo ambacho nusu yake ilikuwa chuma cha asili na nusu ni bati la kuezekea limekunjwa na kupakwa silva, ukisimama mbali huwezi kujua.

Halafu amua kipi kinahitaji kuzamishwa upya na kipi kinahitaji kuoshwa tu. Hapa mafundi wengi wanakosea kwa haraka. Ukibandua rangi ukaona kijivu, zinki bado ipo. Ukiona madoa ya kahawia hafifu usikate tamaa bado, kwa sababu zinki ya kuzamisha inaungana na chuma na kutengeneza matabaka ya mchanganyiko, na yale matabaka ya chini yakifikiwa yanatoa doa la kahawia kwa sababu yana chuma ndani, wakati chuma chenyewe bado kimefunikwa. Sugua kwa brashi ngumu ya nailoni na maji, kausha, acha nje wiki mbili tatu. Doa likibaki hafifu na laini, kiache hicho kipande na zinki yake ya 1966, hakuna kitakachokuwa cha asili zaidi ya hapo. Kikirudi na kutu nyekundu inayovimba na kumenyuka, hapo zinki imeisha. Ukipata rafiki anayenunua na kuuza magari mwenye kile kipimo cha unene wa rangi, kinapima zinki juu ya chuma vile vile, ukisoma maikroni 30 au 40 basi hicho usikiguse.

Kwa maelezo yako nadhani bampa na shoo zitahitaji kuzamishwa, vifuniko vya pembeni labda viwili vitatu vitapona, na ile kona iliyotoboka itahitaji kuchomelewa kwanza.

Kuvua: hivyo vifuniko vimeshikwa kwa ribiti. Usitumie patasi na nyundo, utapindisha Birmabright ambayo haina kosa. Piga alama katikati ya kichwa cha ribiti, ingiza drili yenye biti inayolingana na mwili wa ribiti, toboa kichwa tu mpaka kitoke kama pete, halafu kisukume kilichobaki kwa pini. Piga picha kila upande kabla ya kutoa na uandike kwenye kipande chenyewe kwa kugonga namba ndogo kwa upande wa ndani. Usiandike kwa makapeni (kalamu nene) ya mafuta, nitakwambia sababu. Zile bolti za bampa zikigoma usizipashe moto wa gesi, zipake mafuta ya kulainisha ulale nazo siku kadhaa, maana moto juu ya zinki ni habari nyingine kabisa.

Kutoa silva na rangi zingine zote: tumia dawa ya kutolea rangi ile ya jeli, ipake nene, ifunike na nailoni isikauke, kwangua kwa kipande cha mbao ngumu au plastiki. Sasa nikuonye kuhusu kostiki soda, najua ni rahisi na ipo kila duka, lakini kostiki inakula aluminiamu na inakula zinki pia. Kwenye kipande cha chuma ambacho umeshaamua kinaenda kuzamishwa upya sio mbaya, ila isiguse bodi kabisa, hata tone. Grenda na brashi ya waya ya chuma navyo vikae mbali na Birmabright, kwa sababu vinapandikiza chembechembe za chuma kwenye aluminiamu na baada ya mvua mbili tatu utaona nukta za kutu mahali ambapo huwa hapaoti kutu. Na ule unga mweupe utoe kwa nailoni na msasa laini, uoshe kwa maji mengi ya kawaida.

Kuchomelea ile kona. Kata palipooza mpaka ufike kwenye chuma kizima, weka kiraka cha bati jeusi la kawaida lenye unene ule ule, usiweke la galvanaizi, na uunganishe ncha kwa ncha bila kupandisha kimoja juu ya kingine. Nasema hivi kwa sababu ukipandisha unaacha mfuko mwembamba katikati, asidi ya kiwandani inaingia humo na haitoki, halafu baada ya miezi sita inaanza kuchuruzika kahawia kwenye zinki yako mpya. Kabla ya kuchomelea ondoa zinki yote ya zamani kama sentimita mbili na nusu kila upande wa mstari wa weldi. Kisha gonga na usafishe ile gamba ya weldi yote mpaka ubaki na chuma kinachong'aa. Usijaze kwa puti, usijaze kwa risasi, vyote vitaondoka kwenye zinki ya moto.

Na tafadhali, mwambie fundi afanyie nje penye upepo na avae kinga ya pua iliyo sahihi, sio kitambaa. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, ukiuvuta hujisikii vibaya palepale, baada ya masaa kadhaa ndo unaanza kutetemeka, homa, mdomoni ladha ya chuma, mwili unauma kama una malaria, na kwa kweli wengi wanakwenda kupima malaria wanaambiwa hawana. Mafundi wetu wanaamini ukinywa maziwa umemaliza. Maziwa hayazuii kitu, moshi unaingia mapafuni na maziwa yanakwenda tumboni. Kinga ni kuondoa zinki pale unapochomelea na kutouvuta moshi, basi. Na mtu akianza kubanwa na pumzi apelekwe hospitali, asilazwe kwenye benchi asubiri.

Sasa kiwandani. Unachotafuta ni kiwanda kinachozamisha vyuma vya nguzo za umeme, minara ya simu na vyuma vya ujenzi, sio karakana ya kupaka zinki kwa umeme. Kwa Tanga naona utaangalia Dar. Wao wanatoza kwa uzito, na kwa kuwa vipande vyako ni vyepesi mno kwao, wengi wana kiwango cha chini cha mzigo, kwa hiyo tafuta wenzako wenye Land Rover mkusanye mzigo mmoja, au ubebe na geti la nyumbani lizame humo humo.

Tofauti ya hizo njia mbili ni kubwa na nataka uielewe kwa hesabu. Zinki ya kuzamisha kwenye bati la chini ya milimita 1.5, kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka wastani usipungue maikroni 45, na kwenye chuma cha zaidi ya milimita 3 mpaka 6 kama bampa ikiwa na unene huo, maikroni 70. Zinki ya umeme kwenye karakana za kawaida inakuwa kama maikroni 8 mpaka 12. Sehemu za pwani zenye chumvi ya wastani zinki inalika kati ya maikroni 2 na 4 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ya kuzamisha inakupa zaidi ya miaka 10, ya umeme yenye maikroni 8 inakupa miwili mpaka minne. Ukiegesha karibu kabisa na mawimbi punguza zote.

Utaratibu wao uko hivi, na ukiujua utaongea nao vizuri. Kwanza wanaosha mafuta, mara nyingi kwa kostiki, kisha wanachovya kwenye asidi kutoa kutu na zinki ya zamani, kisha kwenye maji ya chumvi maalumu ya zinki na amonia ili chuma kipokee zinki vizuri, halafu kinaingia kwenye bwawa la zinki lenye joto la karibu nyuzi 450. Ile asidi inakula kutu lakini haili rangi wala haili gamba ya weldi wala wino wa makapeni ya mafuta, ndo sababu nilikwambia usiandike nayo. Popote palipobaki rangi patatoka na doa jeusi lisilo na zinki. Kwa hiyo usafi ni kazi yako kabla hujapeleka, wakikuambia wao watasafisha uliza mara mbili. Na usipeleke kipande ambacho bado kina Birmabright imeshikiliwa na ribiti, kile kipande cha aluminiamu hutakiona tena, kitaliwa na kostiki na asidi kabla hata hakijafika kwenye zinki.

Kitu cha hatari zaidi ni mfuko uliofungwa. Kama kuna bomba au sehemu yoyote iliyofungwa pande zote na ndani kuna unyevu, ikiingia kwenye nyuzi 450 maji yanageuka mvuke ghafla na inapasuka, zinki inaruka juu ya watu. Bampa yako ina umbo la mfereji, iko wazi, haina shida, lakini kama kuna mtu aliwahi kuchomelea bomba la kinga mbele toboa matundu kila mwisho, na waambie kabla.

Halafu kupinda. Bati jembamba na refu linaweza kurudi limejikunja kama samaki mkavu, kwa sababu upande mmoja umepata joto kabla ya mwingine. Huwezi kuzuia kabisa ila unaweza kupunguza: toboa tundu la kuning'inizia kwenye ncha ambapo hapataonekana, waombe wakizamishe kikiwa kimesimama, kiingie kwa haraka, na kikitoka kipoe kwenye hewa, wasikitumbukize kwenye maji. Ongea na msimamizi wa zamu mwenyewe, usimwachie karatasi mlinzi wa getini. Nimesimama pale nikaangalia kifuniko cha 109 kinatoka, kwa sekunde chache kinakuwa kama kioo kabisa, unajiona uso, halafu kuanzia ukingoni ule mng'aro unaganda unakimbilia katikati, zinki iliyozidi inadondoka kwenye ncha ya chini inaacha chozi gumu lenye makali. Hilo chozi ulishughulikie kwa tupa laini baadaye, taratibu, usilipige grenda maana utaondoka na ulinzi wote wa pale.

Kiraka kipya kinaweza kutoka na kijivu kilichokoza kuliko chuma cha zamani, usiwagombeze, hiyo inatokana na kiasi cha silikoni kilichomo kwenye chuma, chuma tofauti kinashika zinki tofauti. Baada ya muda zote zinasogeleana.

Kurudi nyumbani usivipange vikiwa vimelaliana na vina unyevu, hasa kwenye roli usiku na mvua. Zinki mpya ikikaa na maji bila hewa inaota unga mweupe, na kwa siku chache tu unaweza kuharibu kazi nzuri. Weka vijiti katikati hewa ipite.

Kufunga ndo sehemu ambayo watu wamechoka wanataka kumaliza, na ndo inayoamua kama utarudia tena baada ya miaka mitano. Matundu yatakuwa yamepungua kidogo au yamezibwa na zinki, yapitishie biti ile ile ya mwanzo kwa mkono. Meno ya nati zilizochomelewa yapitishie tepu (ile ya kukatia meno), kwenye IIA nyingi ni UNF lakini zingine zina BSF, hizo ni aina mbili tofauti za meno, kwa hiyo pima kabla ya kulazimisha. Upande wa Birmabright paka praima ya kuuma ile ya aluminiamu, halafu rangi, iache ikauke kabisa. Katikati ya aluminiamu na chuma weka kizuizi, utepe mzuri wa kuzuia maji au silanti isiyo na harufu ya siki (zile zenye harufu ya siki zina asidi). Ribiti zitumie za aluminiamu, kila moja uichovye kwenye praima na uifunge ingali mbichi. Anzia katikati ya kipande uende kwenye ncha, ukianzia ncha zote mbili lile tumbo la kupinda litabaki katikati na huna pa kulipeleka. Najua kuna mtu atakushauri bolti za stenlesi kwa sababu hazioti kutu, ni kweli zenyewe hazioti, ila stenlesi ndani ya aluminiamu na maji ya bahari inaila aluminiamu kuzunguka tundu. Ukiona lazima, weka washa ya plastiki na silanti.

Bolti ndogo na nati za kawaida zinaweza kupakwa zinki ya umeme, ni sawa, utabadilisha zikichoka. Ila springi na bolti ngumu, zile zenye namba ya ugumu 10.9 au zaidi kichwani, usizipeleke kwa mtu wa mtaani, kwa sababu asidi na umeme vinaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kinakuja kukatika ghafla bila dalili. Za usukani na breki usifanye hata jaribio, nunua mpya.

Kama kuzamisha kumeshindikana kabisa kwa hela au umbali, njia ya pili ninayoikubali ni rangi ya zinki. Sisemi silva, silva ina unga wa aluminiamu na haina ulinzi huo hata kidogo, ndo hiyo uliyoikuta imepakwa juu ya kutu. Soma kopo, tafuta iliyoandikwa ina angalau asilimia 80 ya zinki ikishakauka, ipake kwenye chuma kilichosafishwa mpaka kikawa cheupe, koti mbili tatu. Sura yake ni kijivu cha vumbi, haina zile chembe, lakini inafanya kazi na unaweza kuirudia mwenyewe.

Shoo ya waya izamishe nzima, waombe waitikise wakati inatoka ili zinki isizibe vile vyumba. Kuna watu wanapenda kuivua na kuichomea nyama porini, ikishatoka kwenye zinki mpya tafadhali isiguse moto wala chakula.

Kuhusu mzee na harusi. Zinki mpya inang'aa kweli, sio kama kioo cha kromu lakini inang'aa, na itafifia kuwa kijivu tulivu ndani ya miezi kadhaa kadri inavyojijengea ngozi yake ya juu kwa hewa na maji. Hiyo ngozi ndo inayoifanya idumu, kwa hiyo usiisugue na dawa ya kung'arishia na usiipake vanishi, kila ukisugua unaitoa. Ninachokushauri ni kupanga ratiba: chomelea na usafishe kuanzia sasa, kupeleka kiwandani iwe mwanzoni mwa Novemba, Novemba yote iwe ya kufunga. Hapo mwezi wa kumi na mbili itakuwa kwenye mng'aro wake wa kwanza na mzee ataiona kama alivyoiona ikiwa mpya. Ukishapita ufukweni au barabara yenye maji ya chumvi, imwagie maji ya kawaida hasa chini ya vile vifuniko, hiyo inatosha.

Ile kona ya nyuma kulia usiikate bado. Nitumie picha ya upande wa ndani ukiwa umetoa zile ribiti za juu, nataka kuona Birmabright imeliwa kiasi gani, kwa sababu kama imeliwa zaidi ya ukingo itabidi tutengeneze bodi kwanza ndo tupime kiraka cha chuma, tukianza na chuma hakitakaa.